Kwa Zuhura, kuhusu mjusi wa maji

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote uwasalimie. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka tu. Wewe uliyekuwa ukimkimbia hata mjusi kafiri leo unataka kufuga mjusi wa maji wa Asia, yule aitwaye kwa Kiingereza Chinese water dragon! Haya, karibu chamani.

Umeniuliza maswali chungu nzima kuhusu chakula, na kuhusu kizimba moja tu. Mimi ningegeuza. Wengi wa mijusi hawa hawaharibiwi na njaa, wanaharibiwa na ufinyu wa nafasi na ukosefu wa mwanga. Huyo mdogo unayeonyeshwa leo, akiwa dume, anaweza kufika sentimita 90, ingawa sehemu kubwa ni mkia. Kwao, kusini mwa China, Vietnam, Laos, Thailand na Kambodia, hukaa kwenye matawi yaliyoinamia mto, na akishtuka hujirusha majini. Kwa hiyo kizimba kiende juu, mita 1.8 hivi, kiwe na matawi manene ya kulalia, na chini pawe na beseni ambalo mwili wake wote unaingia.

Halafu kioo. Mnyama huyu haelewi kioo hata kidogo. Anaona nje, anakwenda, anagonga, anarudi palepale, anasugua pua kutwa. Ncha ya mdomo huanza kuwa nyekundu, magamba yakatoka, kikafuata kidonda ambacho kikiachwa hufika kwenye mfupa wa taya. Bandika karatasi au picha ya majani sehemu ya chini ya vioo, ajue kwamba pale ni ukuta. Ukimwona wa kuuzwa ana pua iliyochubuka, kiangalie kwanza kizimba alimowekwa.

Taa ni lazima, na si taa yoyote. Bila miale ya UVB, yaani miale isiyoonekana kama ile ya jua, mwili wake hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na kalsiamu anayokula haimfikii mifupani. Iwake kama saa 12 kwa siku, na isitenganishwe naye kwa kioo, kwani kioo huizuia miale hiyo. Tena ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji hata kama bado inang'aa. Miale huisha kabla ya mwanga. Mahali pa kuotea joto pawe nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili 26 hivi, na unyevu asilimia 60 hadi 80. Siku ukiona vidole vya miguu vinatetemeka vyenyewe, au taya imelegea, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari anayewajua wanyama wa aina hii.

Chakula chenyewe ni rahisi: nyenje, mende wa kufugwa, minyoo, na majani kidogo akikubali. Wadudu washibe mboga kwanza, kisha uwapake unga wa kalsiamu. Mtoto hula kila siku. Mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki, la sivyo ananenepa ovyo. Wadudu wa bustani iliyopuliziwa dawa usimpe.

Maji badilisha kila siku, kwa sababu atanyea humohumo, tena kwa raha zake. Beseni lisioshwe kwenye sinki la vyombo. Mijusi hubeba bakteria wa salmonela.

Akiwa jike, jiandae kwa mayai hata kama hajawahi kuona dume. Kwa kawaida huwa viza, lakini mwaka 2016 kwenye bustani ya wanyama ya Smithsonian, Washington, alianguliwa mmoja asiye na baba kabisa! Muwekee sanduku lenye udongo mbichi wa kuchimba, maana akikosa pa kutagia mayai yanaweza kumkwama tumboni, na hilo linaua.

Muulize pia muuzaji kama alizaliwa kizimbani. Wa porini wanapungua, na mwaka 2022 mkataba wa CITES uliwaweka kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inahitaji kibali. Akianza kung'ata maneno, ondoka.

Usilipe bado. Washa taa wiki nzima kizimba kikiwa kitupu, weka kipimajoto juu na kingine chini, uniandikie kinachosomeka asubuhi na usiku. Tutaongea la kununua baada ya hapo.

Wako,
Mwanaidi