Barua ya wazi kwa mjomba: kuhusu yale magari ambayo hayakuwahi kupanga mstari

Mjomba shikamoo. Najua kwenye grupu la familia ulishafunga mjadala kwa ile voisi noti yako, kwamba gari likitengenezwa kwa mashindano halafu lisishindane basi ni bati tu, tena bati ghali, na kina binamu wote wakakuwekea dole gumba. Mimi nikanyamaza maana mambo ya kubishana na mjomba mbele ya watoto sikulelewa hivyo. Ila hapa ni kwangu, acha nijibu, na radhi naomba kabisa mapema.

NASCAR, yale mashindano ya magari ya Marekani, najua huyapendi, unasema ni watu wazima wanazunguka kushoto mpaka mafuta yaishe. Sawa. Lakini kwenye hii mada yako hakuna mfano mzuri kama wao, kwa sababu enzi zile za miaka ya 60 gari la mashindano lilitakiwa litokane na gari ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua shorumu. Ukitaka kuingiza umbo jipya unatengeneza kwanza ya kuuza, 500, ndiyo unaruhusiwa. Sasa hapo ndipo magari mengi yalipofia, kwenye hiyo hesabu, wala siyo barabarani.

Chukua Ford Torino King Cobra ya 1970. Kufikia 1969 vita ya Ford na Chrysler ilishahama kutoka kwenye injini ikaenda kwenye upepo, yaani kila upande ulikuwa na injini ya cc 7,000 na nguvu za kumwaga, kilichobaki ni nani anapasua hewa vizuri. Ford wakatoa Torino Talladega yenye pua iliyorefushwa, Chrysler wakajibu na Dodge Charger Daytona, lile lenye pua ya ncha na bawa lililosimama juu ya buti karibu sm 60, ukiliona unadhani kuna mtu kachomelea benchi la kanisani. King Cobra ilikuwa ndiyo zamu ya Ford kujibu. Itafute picha yake mjomba uikuze: pua imelala mpaka chini, taa zimezamishwa kila moja ndani ya shimo lake, grili ya mbele hakuna, hewa ya rejeta inaingilia chini. Watu wengi wakiiona wanakumbuka Datsun 240Z, na hiyo sina haja ya kukueleza wewe, ndiyo ile iliyochukua Safari Rally 1971 na ikarudi ikashinda na dereva Shekhar Mehta 1973.

Zikatengenezwa chache sana, za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, halafu basi.

Kwa nini? Bosi wa Ford aliyekuwa anasukuma haya mambo ni Bunkie Knudsen, alitoka General Motors mwaka 1968 akaja na mchoraji wake Larry Shinoda. Tarehe 11 Septemba 1969 Henry Ford wa pili, mwenyekiti wa kampuni, akamfukuza Knudsen, na Shinoda naye akapitia mlango huohuo. Siku 3 baadaye, tarehe 14, Charger Daytona ikaingia kwenye mashindano kwa mara ya kwanza na ikashinda, na unajua ilishindia wapi? Kwenye uwanja mpya wa Talladega, uwanja ambao Ford waliipa gari lao jina lake! Niseme ukweli lakini, siku hiyo madereva wakubwa wengi akiwemo Richard Petty walisusa kwa kuogopa matairi kupasuka, kwa hiyo Richard Brickhouse alishinda mbele ya kundi lililopungua. Ushindi ni ushindi.

Halafu NASCAR wenyewe wakabadilisha hesabu. Kwa 1970 siyo tena 500, ni gari moja kwa kila wauzaji wawili wa kampuni yako, ndiyo maana Plymouth, ambao nao ni wa Chrysler kama Dodge, wakalazimika kutengeneza Superbird karibu 2,000, na nyingine zilikaa shorumu muda mrefu kwa sababu mama gani atakubali kwenda nalo sokoni. Ford walikuwa na wauzaji wengi kuliko Plymouth, piga mwenyewe hesabu. Tena wakati huohuo kampuni ilikuwa inabana pesa za mashindano. Na msimu wa 1971 magari yote ya pua na mabawa yakaambiwa ukitaka kukimbia ni injini ya cc 5,000 tu, wenzako wanakuja na 7,000. Dick Brooks aliingia Daytona 500 ya mwaka huo na Dodge lenye bawa na hiyo injini ndogo, akamaliza wa 7, mimi hiyo naihesabu kama maajabu.

Sasa sitaki uje uniambie nimekuficha kitu. King Cobra ilikuwa na ugonjwa wake: ile pua iliigandamiza mbele vizuri mno mpaka nyuma ikawa nyepesi, na kwa spidi za Talladega nyuma nyepesi ni kaburi. Lakini huo ni ugonjwa wa kutibika, Chrysler wao waliutibu kwa bawa. Ford hawakupewa huo muda. Na matokeo yake yalionekana, Torino ya kawaida ya 1970 ilikuwa na umbo baya kwenye hewa kuliko ya mwaka uliopita, timu nyingi zikaona bora ziendelee na magari ya 1969.

Kuna moja nimekuwekea wewe kama fundi. Kabla ya hapo, 1964, Chrysler walikuja na injini yao ya Hemi, Petty akashinda nayo Daytona 500, Ford wakakasirika wakaenda kutengeneza injini ya cc 7,000 yenye kamshafti, ule mti unaofungua valvu, juu kwenye kila kichwa cha injini, watu wanaiita Cammer. Chini kwenye bloku pale ilipokuwa inakaa kamshafti ya zamani wakaweka shafti ya kuzungusha distribyuta na pampu ya oili tu. Na vichwa vyote viwili vinaendeshwa na taiming cheni MOJA, mjomba, cheni ya kama mita 2! Injini ikizunguka kasi sana inavutika, kichwa kimoja kinabaki nyuma ya kingine, kwa hiyo mafundi walikuwa wanaziseti kamshafti kwa makusudi zipishane digrii kadhaa ili zikikolea zikutane. Bill France, bosi wa NASCAR, akaikataa, akasema hataki injini za kutengenezwa maalum kwa mashindano. Chrysler nao walikuwa na yao pembeni, kamshafti 2 kila kichwa na valvu 4 kila silinda, na yenyewe haikuona uwanja. Ford wakasusa sehemu ya msimu wa 1966. Cammer ikaenda kwenye dragi, kule kwenye mbio za mstari ulionyooka, madereva kina Connie Kalitta wakaitumia wakavuna nayo.

Hiyo nayo ni bati?

Na usidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Ile Toyota Celica iliyochukua Safari 1984, 85 na 86 ilikuwa na mdogo wake anaandaliwa Ulaya, 222D, umbo la MR2, injini katikati, turbo, inavuta miguu yote minne. Henri Toivonen akafa Corsica Mei 1986, daraja lote la magari ya rali la Kundi B likafutwa na lile la Kundi S lililokuwa linafuata likafutiwa humohumo, 222D ikabaki gereji. Ungeipenda sana ile.

La mwisho, Julai 2024 NASCAR na kampuni ya umeme ya ABB walionyesha Chicago gari la umeme, mota 3, kilowati 1,000, betri ya kWh 78, dereva David Ragan alishalijaribu. Wamesema wazi ni la majaribio tu. Hilo nakuachia ulichambue, maana nakujua, utaanza kulalamikia sauti yake.

Basi mjomba, ukinijibu jibu kwenye grupu, kina binamu nao wasome. Msalimie bibi, mwambie ule mzigo nimepata.