Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA wa kaunti yetu: ile namba ya SMS iko wapi?

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi na heshima zako.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza lakini ile ripoti ya app ya maoni ya wananchi iliyotumwa juzi kwa grupu la wodi imenishinda. Nimeisoma mara mbili. Timu inasema imebadilisha rangi, imeongeza ramani na mahali pa kuweka picha yako, kazi imefika asilimia 90. Hiyo 90 tuliambiwa pia mwaka jana kabla ya Krismasi. SMS haijatajwa hata mara moja.

Na SMS ulituahidi mwenyewe Mheshimiwa, pale uwanja wa shule, ukashika maiki ukasema hata mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo isiyo na app, atatoa maoni ya bajeti kwa Kiswahili, bure, na atajibiwa. Mimi nikaombwa niandikishe watu wa mtaa wetu, nikafunga kibanda changu cha viazi karai siku tatu nikazunguka na daftari nyumba kwa nyumba, watu 64 wakanipa namba zao kwa kuniamini mimi, sio kaunti. Sikudai hata pesa ya soda. Sasa sipiti njia bila kuulizwa "mama, ile meseji mbona haiji?" na wengine washaanza kunong'ona eti niliuza namba zao. Inaniuma sana.

Alhamisi iliyopita kwenye kikao cha bajeti mzee jirani yangu alisimama aulize kuhusu bomba la dispensari lililokauka, akaambiwa muda umeisha aweke maoni kwenye app. Simu yake betri imefungwa na raba. Nikamsaidia na yangu, ikataka barua pepe nikaweka yangu, ikataka paswadi yenye herufi kubwa na alama, halafu ikatoa maandishi mekundu ya Kiingereza ikagoma, na bando langu la shilingi 20 likaishia hapo hapo. Mzee akaniambia "wacha tu mwanangu", akaenda zake.

Vijana wanaoitengeneza sina ugomvi nao. Nafikiri hakuna aliyelipia hiyo namba ya SMS, ama pengine app inajaribiwa ofisini tu kwenye Wi-Fi. Lakini msituambie ni ngumu. Ushahidi, ule mtandao wa kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi hapa Kenya, ilijengwa Januari 2008 nchi ikiwaka, na watu wakatuma ripoti kwa SMS. Hapo Uganda U-Report, huduma ya UNICEF ya kukusanya maoni ya vijana, inapokea meseji za bure tangu 2011. Hatuombi kitu kigeni.

Ibara ya 196 ya Katiba inataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi, na ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Hakuna mahali imeandikwa mwananchi ni yule mwenye barua pepe. Na bajeti inafaa kupitishwa kabla ya Juni 30, sasa maoni ya hao 64 yataingia lini?

Naomba namba ya SMS Mheshimiwa. Ramani ingoje, rangi zingoje. Hata ikijibu "tumepokea" peke yake, mzee atajua kuna mtu amemsikia. Naomba hiyo namba tu. Daftari bado ninalo kibandani, limeingia mafuta kidogo lakini namba zote zinasomeka, nitalileta ofisini siku yoyote mtakayosema, asubuhi kabla sijawasha jiko.

Ni mimi muuza viazi karai, mkazi wa wodi.