Mtoto mtulivu ndo sifa gani? Mwekeni chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikereketa kitambo. Hivi nani alituambia kwamba mtoto mzuri ni yule anayekaa kimya? Ukiingia nyumba yenye mtoto mchanga sifa ya kwanza ni hiyo, huyu hana usumbufu jamani, ukimwacha hapa unamkuta hapahapa. Na mimi nilikuwa naisema kwa mwanangu wa pili, tena kwa kujivuna.

Alipofika miezi sita siku ya kliniki nesi akamlaza kifudifudi, mtoto akainua kichwa kidogo tu kikarudi chini akaanza kulia. Nesi hakunigombeza, aliniuliza tu, mama, huyu kwa siku anakaa chini sakafuni muda gani? Nikaanza kuhesabu: asubuhi yuko kwenye kiti chake kafungwa mkanda, akitolewa hapo yuko mgongoni, tukitoka yuko kwenye kigari, tukirudi kiti tena mbele ya tivii nipate kumaliza kazi, halafu usiku kulala. Chini nilikuwa simweki kabisa naogopa uchafu. Yaani mtoto siku nzima hakuwa na nafasi hata ya kurusha miguu vizuri, na mimi namwita mtulivu!

Ndo nikaanza kusoma. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu Aprili 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na linasema wazi kwamba mtoto asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 kwa mkupuo, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni. Ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala kifudifudi akiwa macho. Kuanzia mwaka 1 acheze na kujongea dakika 180 kwa siku, na skrini kabla ya miaka 2 hawashauri kabisa, hata zile katuni tunazoambiwa zinafundisha.

Sasa kwanini kifudifudi? Kwa sababu pale ndo shingo, mabega na mgongo vinafanya kazi. Mtoto anajisukuma kwa mikono ili aone mbele, siku moja uzito unaegemea upande mmoja anajikuta kabiringika, kesho anajaribu tena makusudi. Kwenye kiti kila kitu kimeshashikiliwa, kichwa kimeegemezwa, mgongo umeegemezwa, hakuna kinachomdai kufanya chochote. Ila tusichanganye, USINGIZI ni chali, kila mara, usiku na mchana, kwa sababu kumlaza kifudifudi akiwa amesinzia kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na mtu mzima yuko pembeni anamwangalia.

Na beibi woka, kile kiti cha magurudumu mtoto anachosukuma kwa miguu, ndo inaniuma zaidi maana tunainunua kwa mapenzi tukidhani inamfundisha mtoto kutembea. Haimfundishi! Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haoni hata miguu yake, na kujibalansi hajifunzi kwa sababu kile chombo kinambeba. Wengine wanachelewa kabisa kutembea, mbali na wanaobingirika nacho kwenye ngazi au kufikia jiko la moto. Kanada walipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004, huko kwingine bado kinauzwa kama zawadi.

Kutembea kunafundishwa na kuanguka, mimi sioni njia nyingine. Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2012 walihesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru wao, wastani ni hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja tu. Saa moja! Sasa wa kwako aliyekaa na simu saa hiyohiyo kapiga ngapi?

Sisemi hivi kuwatia watu presha. Watoto wanapishana sana, wengine wanatembea kabla ya miezi 9 na wengine wanakaribia 18 na wote ni wazima, wapo hata wasiotambaa wanaosota kwa makalio halafu wanasimama dede moja kwa moja. Lakini akipita miezi 18 hatembei, au alikuwa anaweza kitu akaacha, au anatumia upande mmoja tu wa mwili, mpeleke hospitali usisubiri majirani wakwambie atatembea tu.

Kwa wanaosema hawana muda, zile dakika 30 si lazima ziwe za mfululizo. Ukimaliza kumbadilisha nepi mgeuze dakika mbili tatu, au lala chali umweke kifuani kwako, hiyo nayo inahesabika. Wa kwangu siku za mwanzo alikuwa analia hata dakika haijaisha, nikawa nalala chini naye tunatazamana, nikimwimbia anasahau kulia. Wiki ya tatu nilikuwa nakunja nguo, nageuka namkuta yuko upande wa pili wa mkeka kashika soksi yangu.

Mama wa watoto wawili