Wauza magari watuonyeshe cheti cha Japani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na wazazi wenzangu, na pia na wanaouza magari yaliyotumika pale Dar es Salaam.

Mimi ni mama, mkulima wa machungwa hapa Muheza. Binti yangu ni muuguzi mkoani Rukwa, nje kidogo ya Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka kwangu. Masika ya mwaka jana alipanda bodaboda usiku kwenda zamu, wakateleza kwenye tope, akavunjika mkono. Aliponipigia simu miguu iliniishia nguvu, nikakaa chini shambani pale pale. Tukakubaliana: mimi natoa fedha ya machungwa, yeye anaongeza akiba yake, tununue gari.

Nikaenda Dar na mdogo wangu, aliyewahi kuwa utingo wa lori. Kwenye yadi ya kwanza nikalipenda gari moja jeupe, la juu, viti vya ngozi. Dashibodi inasoma kilomita 64,000. Mdogo wangu akafungua mlango wa dereva, akainama. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. Kisha akanionyesha stika ndogo ubavuni mwa mlango, zile wanazobandika mafundi wa Japani wakimwaga oili. Kijapani hatukijui, lakini tarakimu tulizisoma: kilomita 118,400, na mwaka 27. Mwaka wa 27 kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao wa wakati ule ni 2015. Tulipomuuliza muuzaji alisema stika hiyo haina maana yoyote. Mhariri, nilitetemeka kwa hasira. Mtu huyo alikuwa tayari kumpandisha mwanangu mlima Kitonga na gari ambalo umri wake wa kweli ameuficha.

Jioni binti akaniambia, "Mama, kabla hujatoa hela, ongea kwanza na fundi wa huku."

Fundi huyo, kijana, aliniamkia vizuri kwenye simu, akaniuliza tunataka gari gani. Nilipomtajia lile jeupe akasema: "Mama, hilo gia boksi yake ni CVT, ile ya mkanda badala ya gia za kawaida. Likisumbua, huku kupata oili yake ni kazi, na wa kuifungua hayupo. Tutaagiza vipuri Gerezani, Dar, tusubiri basi, na dada atarudi kwenye bodaboda. Mtafutie Toyota Probox yenye injini ya 1NZ, kama ya Toyota IST. Bushi, shokapu, plagi, vyote navipata hapa siku hiyo hiyo."

Mimi nilikuwa nachagua kwa macho ya Dar. Yeye ndiye atakayelala chini ya gari hilo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Probox tuliipata yadi nyingine. Muuzaji wa pale, bila kuombwa, alitoa nakala ya cheti kinachotolewa Japani gari linapouzwa nje. Humo zimeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko: 131,000 na ushee. Dashibodi ilisoma 134,000. Ni nyingi, lakini ni za kweli, na fundi alipozisikia alijua la kufanya: aanze na bushi za mbele na mkanda wa feni.

Ombi langu ni hili. Cheti kile muuzaji anacho, kwa kuwa huja na nyaraka za gari. Wahusika serikalini waweke sharti kwamba mnunuzi aonyeshwe kabla hajatoa hata senti, na namba ya chesisi ilinganishwe mbele yake. Anayenunua gari la kuendesha mwenyewe Dar anaweza kulirudisha yadi kesho yake na kudai haki. Mtoto wangu likimzimikia njiani saa nane usiku, yadi iko mbali, na mimi niko Muheza.

Mkulima wa machungwa,
Muheza, Tanga