Barua ya Wazi kwa Kolekta wa Kutch: Nyika ya Banni Ishikwe na Wafugaji Wake

Kwa Mheshimiwa Kolekta wa Wilaya ya Kutch,
Bhuj, Gujarat, India.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Marigat, kaunti ya Baringo, nchini Kenya. Nakuandikia kuhusu nyasi.

Niliseme ombi langu mapema usije ukalitafuta. Sheria ya Haki za Misitu ya India ya mwaka 2006 imeweka kamati ya wilaya ya kupitisha madai ya jamii, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni Kolekta, yaani mkuu wa wilaya. Kalamu ni yako. Nakuomba uhakikishe kwamba kila kijiji cha wafugaji wa Banni kimeshika hati ya haki zake za malisho, ikiwa na ramani inayosomeka, kabla ya nguzo ya uzio mwingine wowote, zaidi ya ule wa kituo cha duma nitakaoutaja mwishoni, kuchimbiwa katika nyika ile.

Najua utajiuliza Mbaringo anatafuta nini Kutch. Nitafika huko. Kwanza niwape picha wenzangu watakaoisoma barua hii kwa Kiswahili, maana wengi wamesikia jina la Kutch bila kujua pakoje.

Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India: kilomita za mraba 45,674, kiasi cha mara nne ya Baringo yetu, na huwezi kuitosheleza ndani ya Rwanda wala Burundi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,092,371. Kusini kuna Ghuba ya Kutch, magharibi Bahari ya Arabu, kaskazini na mashariki kuna Rann, uwanda wa chumvi ambao mvua za Julai hadi Septemba huugeuza ziwa la maji ya kina kifupi, kisha jua huukausha ukabaki mweupe hadi macho yanauma. Katikati vimeinuka vilima, na baina ya vilima hivyo na Rann Kubwa imelala Banni, nyika tambarare ya kilomita za mraba zipatazo 2,500. Ni tope la mito lililojijenga juu ya kitanda cha bahari ya kale, kwa hiyo chumvi haiko mbali chini ya unyayo. Mvua ni haba na haina ahadi. Ikinyesha vizuri siku chache tu, nyasi hujaa. Isiponyesha, watu huhama na mifugo.

Ukitaka kujua akili ya watu wa Banni, tazama wanavyochota maji. Msimu wa mvua ukiisha, huchimba visima vifupi katika sakafu ya vidimbwi vilivyokauka, wanaviita virda. Maji matamu ya mvua yaliyozama ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi hukaa juu yake bila kuchanganyika. Mfugaji huchimba hadi kwenye maji matamu na kukomea hapo. Kuta za kisima huzitia magogo na nyasi ili mchanga usiporomoke. Chumvi ikianza kupanda, kisima huachwa na kingine huchimbwa kando. Hakuna aliyewafundisha chuoni. Ni elimu inayofanana na umri wa ardhi yenyewe, kwa kuwa mashariki ya hapo, kwenye kisiwa cha Khadir katikati ya Rann, yako magofu ya Dholavira, mji wa ustaarabu wa bonde la Indus uliojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita na kuzungushiwa mabirika makubwa ya kukinga mvua. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Virda hazimo katika orodha yoyote, ingawa zenyewe bado zinanywesha watu.

Ardhi ya Kutch haitulii. Tetemeko la Juni 1819 liliinua ukuta wa udongo kaskazini, wenyeji wakauita Allah Bund, na maji ya mkono wa mashariki wa Indus yakakatika. Lakhpat, bandari iliyokuwa na mali, ikaanza kufa. Huko huko Lakhpat ndiko alikotoka Tharia Topan, tajiri wa Zanzibar wa karne ile. Kera, kijiji cha karibu na Bhuj, kilimtoa Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo akiwa kijana mdogo, akaeneza maduka hadi Uganda, na jina lake liko mpaka leo kwenye shule ya sekondari Mombasa. Nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa jamii ya Wabhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Kaniki walizovaa bibi zetu zilitiwa rangi ya nili huko, na majahazi ya Mandvi yaliziteremsha pwani yetu. Na kwa kuwa hii ni barua ya wazi, tuseme pia lililo wazi: mtaji huo huo ulikopesha misafara iliyoleta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Wasidi wa Bhuj, wenye asili ya Afrika, ni wananchi wako leo kwa sababu ya biashara hiyo ya bahari.

Basi sisi wa Afrika Mashariki tulimjua Mkutch wa duka, na baadaye fundi wa mawe kutoka vijiji kama Baladia na Madhapar, aliyejenga Nairobi na kutuma fedha kwao. Mkutch wa zizi hatukumjua. Na nikisoma jinsi wilaya yako ilivyoendeshwa tangu uhuru, naona hata serikali yenu ilimwona kwa nadra.

Chini ya watawala wa zamani wa Bhuj, wafugaji wa Banni, yaani Wamaldhari, walilipa kodi ya malisho, na kulima nyika ile hakukuruhusiwa. Mwaka 1948 serikali ya India ikachukua utawala wa Kutch. Mwaka 1955 Banni ikaandikwa kuwa msitu wa hifadhi. Msitu, katika nyika ya nyasi! Tangu hapo idara ya misitu na idara ya ardhi zikavutana miongo mingi juu ya nani mwenye Banni, na katika mvutano huo jina la mfugaji halikuandikwa kwenye safu yoyote. Upande wa kaskazini, malisho ya ng'ambo ya Sindh yalifungwa na mpaka, na vita vya 1965 vikamaliza habari. Upande wa kusini, mito iliyokuwa ikiteremka kutoka vilimani kuisuuza chumvi ya Banni ikawekewa mabwawa.

Kisha ukaja mti. Mwaka 1961 idara ya misitu ilipanda Prosopis juliflora kwenye hekta zaidi ya 31,000, nia ikiwa kuizuia chumvi ya Rann isisonge mbele. Huko mnauita gando baval, mgunga wa wazimu. Hapa kwetu ni mathenge.

Sasa umeelewa kwa nini Mbaringo anakuandikia.

Mathenge ilipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa nia njema vilevile: kuni, kivuli, kuzuia vumbi. Maganda yake ni matamu. Mbuzi akayala, sukari ikamshika meno, meno yakang'oka, akafa njaa amesimama kwenye majani. Mizizi ilikunywa maji ya chini, miiba ikafunga njia za kwenda ziwani. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa kando ya Ziwa Baringo, waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo. Magazeti yalicheka. Wenye mbuzi hawakucheka.

Huko Banni wafugaji wameniacha mdomo wazi kwa namna walivyojigeuza. Ng'ombe wao wa Kankrej hawakuyaweza maganda ya mti ule, wengi wakafa. Nyati wa kufugwa aliyahimili, basi zizi likahamia kwa nyati. Na nyati wa Banni si mnyama wa kawaida: msimu wa joto hutoka usiku kwenda kulisha, bila mchungaji wa kumfuata kila hatua, na alfajiri hurudi mwenyewe kukamuliwa. Serikali ya India ilimtambua rasmi kuwa aina ya pekee ya nyati mwaka 2010, na hilo lilitokana na jitihada za chama cha wafugaji wenyewe. Zamani maziwa yalichemshwa hadi yakawa mawa ya kutengenezea vitamutamu, maana hakukuwa na njia ya kuyafikisha mjini yakiwa mabichi. Leo magari ya ushirika wa maziwa wa wilaya huyafuata vijijini. Pwani, jamii za Wajat na Warabari zinafuga ngamia wa Kharai, ambaye huogelea hadi kwenye mikoko na kulisha kati ya kupwa na kujaa, naye alitambuliwa mwaka 2015. Maziwa ya ngamia wa Kutch yanauzwa kwenye chupa tangu 2019. Hii ndiyo shughuli ambayo ofisi nyingi huiita ya watu wa nyuma.

Ninajua una mengine mezani. Baada ya tetemeko la 26 Januari 2001, lililoua watu karibu 20,000, sehemu kubwa wakiwa Kutch, misamaha ya kodi ilileta viwanda, na Mundra ikawa bandari kubwa yenye vinu vya umeme vya makaa ya mawe. Kandla ilikuwa tayari, imejengwa baada ya Karachi kubaki Pakistan. Kwenye Rann karibu na Khavda unajengwa mtambo wa umeme wa jua na upepo uliokusudiwa kufikia megawati 30,000. Dhordo, kijiji cha Banni, hupokea watalii wa tamasha la Rann kila kipupwe, na mwaka 2023 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Simlaumu mtu kwa kutaka umeme wala wageni. Ila angalia kila mradi unaanzia wapi: unaanzia kwenye ardhi ambayo faili inasema haina mwenyewe.

Ndiyo maana hati ina uzito kuliko mashine za kung'oa gando baval. Mti huo ukikatwa juu tu huchipuka mara tatu. Lazima utolewe na mzizi, kisha mahali pale palindwe nyasi zirudi. Nani atalinda asipojua kama mwakani atakuwapo? Hapa Baringo nimeona mathenge ikifyekwa na nyasi zikarudi, halafu mwenye nguvu akaja kulima. Banni nayo ina hadithi hiyo. Wafugaji walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira mwaka 2018 kulalamikia mashamba yaliyomegwa katikati ya malisho, na uamuzi wa Mei 2021 uliagiza wavamizi waondolewe na ukakiri haki ya Wamaldhari katika nyika yao. Wao wenyewe kauli yao ni fupi: Banni iachwe iwe Banni. Hawaombi kugawiwa viwanja. Wanataka ishikwe kwa pamoja, kijiji kwa kijiji, mifugo ipite kama inavyopita. Kwa maoni yangu hilo ndilo ombi la busara kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya nyika kavu, na Kenya tumechelewa kulielewa. Sheria yetu ya Ardhi ya Jamii ni ya 2016 tu, na jamii nyingi za wafugaji bado zinasubiri kusajiliwa.

Nimalize na duma. India ilitangaza mwaka 1952 kwamba duma wake wamekwisha. Mwaka 2022 waliletwa wanane kutoka Namibia hadi hifadhi ya Kuno, katikati ya India, na Banni imechaguliwa kuwa mahali pa kituo cha kuwazalisha, ndani ya uzio. Imeripotiwa pia kwamba serikali zetu mbili zimezungumza juu ya duma kutoka Kenya. Basi huenda mnyama wa kwetu akaja kuishi kwenu, na hilo linanipa haki ya kuuliza maswali, tena kwa serikali yangu pia.

Uzio huo umepita kwenye malisho ya vijiji vipi? Mikutano ya vijiji hivyo ilikubali kwa maandishi? Njia ya nyati ya usiku imeachwa wapi? Duma akishazaliana na kutolewa nje, ndama akiliwa, nani atalipa na kwa siku ngapi? Kwetu fidia ya mnyama aliyeuawa na wanyamapori huweza kumkuta mwenyewe ameshazeeka.

Majibu yake naomba yabandikwe Hodka, Dhordo na vijiji vingine vyote vya Banni, kwa Kigujarati, na yasomwe kwa sauti kwa Kikutchi kwa wasiojua kusoma. Nakala moja nitumie Marigat. Nitaitafsiri na kuwasomea Wailchamus, maana wameniuliza mara nyingi kama kuna mahali duniani ambapo mathenge imeondoka na ardhi ikabaki kwa wenye mifugo.

Wako kwa heshima,
Mfugaji na mwandishi,
Marigat, Baringo.