Mishipa ya damu hujengwa tangu tumboni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Dodoma. Mtu mzima akipata presha tunalaumu chumvi na mawazo. Sawa, lakini mishipa ya damu hujengwa mapema, mtoto akiwa tumboni na miaka yake ya mwanzo. Madini ya shaba yakipungua, nyuzi zinazoupa mshipa mkuu wa moyo uwezo wa kutanuka na kunywea hazishikamani vizuri, na ukubwani mwili hautengenezi tena nyuzi hizo kwa wingi. Watafiti wa Argentina waliwapa panya chakula chenye madini ya zinki kidogo tangu mimba. Panya hao walipokua, presha yao ilipanda. Panya si binadamu, najua, ila nilishtuka.

Juzi kliniki, huku Bahi, binti mjamzito aliyekaa jirani yangu alifungua kibakuli chake: ugali wa uwele na mlenda mtupu. Uwele una zinki, tatizo una pia asidi ya faiti inayoing'ang'ania zinki isifyonzwe. Bibi zetu waliloweka nafaka, wakaotesha kimea, wakachachua uji, na faiti ikapungua. Siku hizi tunasaga na kusonga papo hapo.

Wauguzi wanahimiza vidonge vya kuongeza damu, nawashukuru sana. Naomba wawaambie pia akina mama watie dagaa na karanga za kutwanga kwenye ule mlenda ili wapate madini hayo, na waloweke uwele au mtama usiku kucha kabla ya kuuanika na kuupeleka mashineni.

Mama wa watoto watatu,
Bahi, Dodoma