Shukrani kwa mzee wa ovaroli ya kijani, Kibuye

Mzee wangu, chai ulikataa na jina hukuacha, basi pokea asante yangu hapa.

Datsun 1200 ya marehemu baba ilikuwa imewachosha mafundi wa Kisumu. Pointi, vile vidude vinavyokata na kuunga umeme wa koili ili plagi zitoe cheche, zikisafishwa leo, kesho zimeungua tena, na kupanda Mau Summit ilikuwa ni kukohoa tu. Distributa (kigawa umeme wa plagi) ya kielektroniki, isiyotumia pointi, nilikuwa nayo, ya injini ya A14, jamaa wa karibu wa A12 yangu, lakini kila fundi aliikwepa.

Wewe uliweka alama mahali rota, kile kidude kinachozunguka ndani ya distributa, ilipoelekea kabla ya kuing'oa ile kuukuu, ukapanga waya za plagi kwa zamu ya silinda kuwaka, 1-3-4-2. Kisha jambo ambalo hakuna aliyelitaja: moduli, kifaa kinachofanya kazi ya pointi, ukaivutia volti 12 kamili, zisizopitia rezista inayopunguza umeme wa koili. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ukaipima kwa taa, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa. (Wengine huzungusha distributa kwa sikio na kudai pesa.)

Sasa inawaka mara moja, hata asubuhi ya mvua. Ukipita Kondele, ulizia Datsun nyeupe. Safari hii chai utakunywa, na samaki juu.